Funika Machaguo Kwanza

Mwalimu akitamka "haraka haraka" mbele ya darasa, watoto humalizia "haina baraka" kabla hajafunga kinywa. Hakuna aliyefikiri. Nusu ya pili ya methali ilikuwa imekaa tayari ulimini, na nusu ya kwanza imeivuta tu. Sasa waandikie watoto haohao ubaoni sentensi ya Kiingereza yenye pengo, "Although the chairman usually speaks for an hour, his reply yesterday was ______", uwape maneno manne wachague moja. Kazi imebadilika kabisa. Hapa hakuna kumbukumbu ya kuwavuta. Ni lazima wasome, wapime, wakisie na waondoe. Maswali ya namna hii, ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi, huwasubiri vijana wa Afrika Mashariki wanaoomba kusoma Marekani kupitia mitihani ya SAT na GRE. Yamo pia nyumbani: karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika mtihani wa KCSE nchini Kenya ina kifungu chenye mapengo, nacho hubeba alama 10 kati ya 60. Wengi hujiandaa kwa kununua kitabu kinene cha maswali, wakayajibu moja baada ya jingine, kisha wakafungua kurasa za mwisho kuhesabu walivyopata na walivyokosa. Ninachotetea hapa ni kwamba zoezi hili linaweza kufundisha msamiati vizuri kuliko orodha yoyote ya maneno, ila kwa sharti ambalo muundo wa mtihani wenyewe unalificha: mwanafunzi alitafute neno lake mwenyewe kabla ya kuyatazama machaguo. Asipofanya hivyo atakuwa anajipima tu, siku baada ya siku, huku akidhani anajifunza.

Swali la pengo lilizaliwa kama kipimo, na historia yake inaeleza mengi. Mwaka 1897 mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alikuwa Breslau, mji wa Ujerumani wakati huo ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Wakuu wa mji walitaka kujua kama masomo ya asubuhi ya saa tano mfululizo yanawachosha wanafunzi. Ebbinghaus, aliyekuwa amekwisha kupata jina kwa kitabu chake cha mwaka 1885 kuhusu kumbukumbu, aliwapa watoto vifungu vilivyonyofolewa maneno na silabi, akawataka wavirudishie. Katika vipimo alivyotumia, hicho ndicho kilichowatenganisha vizuri zaidi wanafunzi wenye uwezo na wale dhaifu. Miaka 56 baadaye, mwaka 1953, Mmarekani Wilson Taylor alilichukua wazo la pengo na kuligeuza: badala ya kumpima msomaji, alipima maandishi. Alifuta maneno kwa hesabu, kwa mfano kila neno la tano, akatazama wasomaji wangeweza kurudishia mangapi. Wakirudishia mengi, maandishi ni mepesi. Njia yake aliiita cloze, kutokana na wazo kwamba akili ya binadamu ikiona umbo lililokatika hupenda kulifunga. Sasa angalia jambo hili. Mtoto wa Breslau hakupewa A, B, C na D, wala msomaji wa Taylor hakupewa. Wote waliandika neno walilolitafuta wenyewe. Machaguo yalikuja kwa ajili ya usahihishaji, kwa sababu chaguo lililotiwa alama husahihishwa upesi, hata na mashine, lakini neno lililoandikwa kwa mkono lilihitaji mtu wa kulisoma na kuamua kama linafaa. Ni sababu ya haki kabisa kwa mwenye mtihani. Mwanafunzi aliye peke yake na daftari lake usiku hana makaratasi laki moja ya kusahihisha, kwa hiyo sababu hiyo haimhusu.

Kwanza, kwa nini sentensi na si orodha? Orodha humpa mwanafunzi neno la Kiingereza upande mmoja na la Kiswahili upande wa pili, kana kwamba kila neno la huku lina pacha wake kule. Chukua -refu. Kwetu kamba ni ndefu, mtu ni mrefu, mlima ni mrefu na shimo ni refu. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo moja kwa maneno manne: kamba ni long, mtu ni tall, mlima ni high, shimo ni deep. Aliyekariri kwamba yote manne maana yake ni "refu" hajakosea popote, lakini mpe "The well is so ______ that we cannot see the water" na ukariri wake haumsaidii kitu. Kusikia nako ni vivyo hivyo: tunasikia sauti, tunasikia njaa, tunasikia harufu, ilhali Kiingereza kinataka hear kwa sauti, feel kwa njaa na smell kwa harufu. Kuazima tunakutumia kwa anayetoa na kwa anayepokea pia, na hapo ndipo linapotoka lile kosa linalosikika mno shuleni, "borrow me your pen". Makosa haya hayatokani na uvivu. Yanatokana na orodha iliyomwambia mwanafunzi nusu ya ukweli na kumwacha ajazie nusu nyingine kwa mantiki ya Kiswahili. Mgeni anayejifunza lugha yetu hupata taabu hiyohiyo kwa upande wake. Kamusi humweleza kupiga ni nini, kisha anawasikia watu wakipiga simu, wakipiga pasi, wakipiga mswaki, wakipiga picha na wakipiga hodi. Atajifunza kwa kuliona neno likiwa na majirani zake, siku hii na hili, siku ile na lile. Kiingereza nacho kina make a decision, take an exam na commit a crime, na hakuna kanuni itakayomweleza mtu kwa nini uamuzi hutengenezwa na mtihani huchukuliwa. Sentensi yenye pengo huweka ujirani huo mbele ya macho na kuuliza nani anaishi hapa.

Mzungumzaji wa Kiswahili huingia katika maswali haya na mazoea fulani ya kusoma ambayo ni vizuri ayatambue. Lugha yetu ni karimu kwa vidokezo. Ukiona "______ vimevunjika", kabla hujajua lolote lingine umeshaondoa karibu kamusi nzima: ni viti, vikombe, vyungu, vyombo, lakini si meza wala mti. Kiambishi kimekutajia ngeli. Kiingereza hakifanyi hivyo; katika "The ______ broke" umbo la kitenzi halikupi chochote. Vidokezo vya Kiingereza vimewekwa kwingine, hasa katika viunganishi na alama za uandishi. Although, despite, unlike na far from hugeuza mkondo wa maana. Because, therefore na so … that huuendeleza. Nukta pacha mara nyingi hutangaza kwamba maelezo ya kile kilichokosekana yanafuata. Mwanafunzi aliyezoea kuangalia viambishi huyapita maneno haya madogo upesi, kwa kuwa anayajua tangu zamani na macho yake yanatafuta neno gumu. Nguvu ya swali imo humo humo anamopita. Turudi kwa mwenyekiti wetu, tuseme machaguo ni verbose, terse, sincere na public. Saa moja ya maneno iko upande mmoja. Although imesimama mlangoni ikisema kwamba upande wa pili ni kinyume chake. Kwa hiyo pengo linataka neno la ufupi, nalo ni terse, maneno ya mkato. Verbose, maneno mengi, humnasa yule ambaye hakuisoma although. Sincere ni mtego wa kina zaidi. Kisarufi linaingia bila kikwazo, na huenda mwenyekiti kweli alijibu kwa moyo mweupe, lakini hakuna kitu ndani ya sentensi kinachozungumzia moyo wake. Kuweza kuingia hakutoshi. Neno la jibu ni lile ambalo maneno mengine yameliita. Tofauti hii ndiyo somo kubwa kuliko yote katika maswali haya, na ni somo la usomaji wa kweli, si ujanja wa chumba cha mtihani. Anayeielewa atasoma mkataba wa kupanga nyumba au maelekezo ya dawa kwa jicho jingine.

Sasa kuhusu kuyafunika machaguo. Ushahidi mmoja wa nguvu uko karibu nasi kuliko tunavyodhani, kwa maana ulipatikana kwa kutumia Kiswahili. Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walichapisha katika jarida la Science jaribio walilolifanya na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis. Wanafunzi hao walipewa jozi 40 za maneno ya Kiswahili na Kiingereza, kama mashua na boat, wazijifunze. Jozi ikishakumbukwa kwa usahihi mara moja, makundi yalitendewa tofauti. Wengine waliendelea kuisoma na kuulizwa, wengine waliendelea kuulizwa bila kuisoma tena, wengine waliendelea kuisoma bila kuulizwa, na wengine waliachana nayo kabisa. Baada ya wiki moja wote waliulizwa upya. Walioendelea kuulizwa, wawe walisoma tena au hawakusoma, walikumbuka takriban asilimia 80. Walioendelea kusoma bila kuulizwa walikumbuka asilimia 36 hivi, na walioacha vyote 33. Maana yake kurudia kusoma neno ambalo tayari umelikumbuka mara moja hakukuongeza karibu chochote. Kilicholihifadhi ni kule kulivuta tena kutoka kichwani. Na lililo zito zaidi kwa anayejiandaa peke yake ni kwamba makundi yote manne yalipoombwa kutabiri yangekumbuka kiasi gani, yalitaja takriban nusu. Hawakuhisi tofauti iliyokuwa inawajia. Kwa hiyo ile hisia ya "hili nimeshalijua" tunayoipata tukipitisha macho kwenye orodha si shahidi wa kuaminika.

Ni kweli kwamba jaribio hilo lilihusu jozi za maneno, halikuhusu sentensi, na lilipima wiki moja tu. Silichukui kuwa neno la mwisho. Lakini linaonyesha kazi ambayo kichwa kinapaswa kufanya, na hapo ndipo swali lenye machaguo linapomhadaa mwanafunzi. Kumtambua mtu sokoni umwonapo uso si sawa na kulikumbuka jina lake ukiwa nyumbani. Anayetazama terse kati ya maneno manne akasema "ndiyo, hili" ametambua uso. Anayefunika machaguo, akasoma sentensi, akaandika pembeni "short" au hata "fupi", kisha akafunua na kuuliza ni lipi kati ya haya linalobeba maana yangu, amefanya kazi mbili: ameijenga maana mwenyewe, na ameliunganisha neno geni na mahali panapolihitaji. Siku tatu baadaye akirudia sentensi ileile bila machaguo na kulivuta neno terse kutoka kichwani, amefanya kile ambacho wanafunzi wa St. Louis walifanya kwa mashua.

Machaguo yenyewe yana madhara yanayostahili kutajwa. Walimu huyaita machaguo ya uongo vipotoshi, na vimetungwa kwa ustadi ili vionekane kweli. Mwaka 2005 Roediger huyohuyo pamoja na Elizabeth Marsh walionyesha kwamba mtu aliyejibu maswali ya kuchagua anaweza baadaye kurudisha majibu ya uongo aliyoyaona kana kwamba ni maarifa yake. Mwaka 2008 Andrew Butler na Roediger walionyesha dawa: mtu akielezwa jibu sahihi baada ya swali, madhara hupungua sana. Hii ndiyo sababu tabia ya kujibu maswali 50 usiku mmoja na kusahihisha Jumamosi ni mbaya kuliko inavyoonekana. Kipotoshi kimelala kichwani siku kadhaa kikiwa na hadhi ya jibu. Afadhali maswali 8 yaliyosahihishwa palepale, na kwa kila neno lililokataliwa mwanafunzi aandike mstari mmoja kueleza lingehitaji sentensi ya namna gani. Verbose lingefaa kama pangekuwa na because mahali pa although. Mstari huo mfupi humgeuza adui kuwa neno la pili lililojifunzwa.

Wapo watakaosema kwamba ninapigania kitu kilichokwisha kuzikwa. SAT ilikuwa na sehemu ya kukamilisha sentensi kwa miongo mingi, na mwezi Machi 2016 College Board, wenye mtihani huo, waliiondoa. Walipotangaza mabadiliko hayo mwaka 2014 walieleza wazi kwamba maneno ya nadra yasiyotumika popote isipokuwa mtihanini hayatakuwa na nafasi tena. Wakosoaji walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu kwamba sehemu hiyo inawazawadia wenye pesa ya masomo ya ziada na subira ya kukariri orodha kama ile maarufu ya Barron's yenye maneno 3,500. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki, nami nayaunga mkono. Lakini tazama kilichotokea baadaye. SAT ya kompyuta ilipoanza kutumika nje ya Marekani mwaka 2023 na ndani ya Marekani mwaka 2024, pengo lilirudi. Mtahiniwa husoma kifungu kifupi na kuulizwa ni neno lipi linalokikamilisha kwa mantiki na usahihi zaidi. Kilichobadilika ni aina ya maneno. Mengi sasa ni yale anayoyajua kijana kwa maana moja na kuulizwa kwa maana nyingine. Nitoe mfano wangu: "Far from being ______, the new law was copied almost word for word from one passed ten years earlier", na kati ya machaguo limo novel. Mwanafunzi wa sekondari analijua novel kuwa ni riwaya, na kwa kuwa sentensi haina riwaya yoyote, analiondoa kwanza. Nalo ndilo jibu, kwa sababu novel pia ni kitu kipya kisicho na mfano. Orodha ya maneno adimu isingemsaidia hapa, kwani neno lenyewe si adimu. Funiko la machaguo lingemsaidia: angesoma far from, angesoma "copied", angeandika pembeni "mpya", kisha angelazimika kujiuliza ni lipi kati ya haya manne linaloweza, kwa njia asiyoijua bado, kumaanisha upya.

Kuhusu maneno ya kujifunza, kuna kazi iliyofanywa ambayo inapaswa kumpunguzia mwanafunzi hofu. Averil Coxhead, mtafiti wa New Zealand, alichapisha mwaka 2000 orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma (familia ni neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo), kama analyse, significant na derive, ambazo katika maandishi ya kitaaluma aliyoyachunguza zilichukua takriban asilimia 10 ya maneno yote. Yaani neno moja kati ya kila kumi, kwa familia 570 tu. Mtu anayejaza mapengo ya maneno hayo kabla ya kugusa yale 3,500 anajiandaa kwa mtihani na kwa chuo kwa wakati mmoja. Kwa mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili na kukutana na fizikia na historia kwa Kiingereza alipoingia kidato cha kwanza, faida hiyo ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la vitendo: mtihani wenyewe una machaguo na una saa, basi kwa nini mtu afanye mazoezi ya jambo asiloulizwa? GRE ni mahali pazuri pa kulijibu, kwa kuwa mtihani huo huyatumia machaguo kwa ukali. Tangu Septemba 2023 sehemu yake ya lugha ina maswali 27 kwa dakika 41. Swali la kukamilisha kifungu linaweza kuwa na mapengo matatu, kila pengo machaguo matatu, na hupati alama yoyote usipoyajaza yote sawasawa. Anayebahatisha ana nafasi moja kati ya 27. Anayejaribu machaguo moja moja anasoma kifungu kilekile mara nyingi na dakika zinamwishia. Aliyeandika neno lake kwanza katika kila pengo amekisoma mara moja kwa makini, na mara nyingi amegundua kwamba pengo la pili ndilo jepesi na ndilo linalofungua la kwanza. Halafu lipo lile swali la machaguo sita ambalo mtahiniwa huchagua mawili yatakayoipa sentensi maana moja. Mara nyingi watunzi huweka humo jozi nyingine ya maneno yanayofanana ambayo sentensi haiyahitaji hata kidogo. Anayeanza na machaguo huona mapacha wawili na kuwarukia. Anayekuja na neno lake mkononi hana sababu ya kuwatazama. Kwa hiyo kufunika machaguo nyumbani ndiyo maandalizi yenyewe ya mtihani wenye machaguo. Wiki chache za mwisho ni za kufanya mitihani mizima kwa saa, sikatai. Ila saa haimfundishi mtu neno asilolijua.

Ipo hoja moja ambayo siwezi kuishinda, na sitaki. Pengo halizai msamiati kutoka utupu. Mtafiti Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba mtu anahitaji familia 8,000 hadi 9,000 za maneno ili ajue asilimia 98 ya maneno katika maandishi ya kawaida, yaani abaki na neno geni moja katika kila 50. Sentensi ya mtihani mara nyingi ina maneno 20 au 30. Likiwa geni lile la pengo tu, muktadha unafanya kazi. Yakiwa mageni manne, hakuna muktadha, kuna giza lenye tundu. William Nagy na wenzake, walipowachunguza watoto wa shule wa Marekani mwaka 1987, walikadiria kwamba uwezekano wa kulijifunza neno geni kwa kukutana nalo mara moja katika usomaji ni kama moja kati ya 20. Ukweli huo unamwambia mwanafunzi mambo mawili. Anayeanza, aliye na maneno elfu moja au mbili, aviache vitabu vya SAT na GRE rafuni; vitamfundisha kukata tamaa. Asome vitabu vyepesi vya hadithi, vingi, hata vile vya watoto, kwa sababu mara moja haitoshi na usomaji mpana ndio unaomkutanisha na neno mara ya pili, ya tano na ya kumi. Na aliyekwisha kufika mbali asidhani mapengo yanaweza kuchukua nafasi ya vitabu. Kazi ya pengo ni kulishika neno ambalo usomaji umelileta mlangoni.

Ndiyo maana mapengo bora ni yale mtu anayojitengenezea. Tahariri ya gazeti la The Citizen au Daily Nation ina sentensi zenye hoja, zenye although na despite za kweli, zilizoandikwa na watu wanaotaka kumshawishi msomaji kuhusu bei ya sukari au barabara isiyokwisha. Mwanafunzi aisome leo kwa kamusi, achague sentensi tano zenye maneno aliyojifunza, azinakili na kuacha pengo mahali pa neno, jibu aliandike nyuma ya karatasi. Azijaze keshokutwa, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Gharama yake ni gazeti la jana. Sentensi hizo zina faida ambayo kitabu cha maswali hakiwezi kuwa nayo: anajua habari inayozungumzwa, kwa hiyo maana anayoijenga ina mguu nje ya lugha.

Shuleni, mwalimu mwenye wanafunzi 80 na bila mashine ya kurudufu anaweza kuandika sentensi moja tu ubaoni, bila machaguo, na kumtaka kila mmoja aandike neno lake kwenye daftari, la Kiingereza au la Kiswahili. Dakika mbili. Kisha aandike yale manne na kuwaacha wachague. Akipita kati ya madawati ataona kitu ambacho karatasi ya mtihani haimwonyeshi. Tuseme wanafunzi wawili wamechagua verbose katika ile sentensi ya mwenyekiti, na wote wamekosa. Katika karatasi ya majibu wangefanana kabisa. Lakini daftari la mmoja limeandikwa "fupi" juu ya mstari: sentensi ameielewa barabara, ila alidhani verbose ni neno la ufupi, na anahitaji maneno mawili tu, verbose na terse, yawekwe mahali pake. La mwenzake limeandikwa "refu". Huyo anaweza kufundishwa maneno hayo mawili hadi Ijumaa na bado akakosa swali linalofuata. Ni wa kukalishwa chini na sentensi kumi zinazoanza na although, zenye maneno mepesi anayoyajua yote, mpaka aione mwenyewe inavyougeuza mkondo.